Msing'oe Tuta Letu Kabla ya Kutujengea Lenu

Barua ya wazi kwa Gavana Gladys Wanga wa Homa Bay na Gavana Ochilo Ayacko wa Migori

Waheshimiwa Magavana,

Nawaandikia nyote wawili barua moja kwa kuwa Probox inayotoka Rongo kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay haipunguzi mwendo inapovuka mpaka wa kaunti zenu. Wanaoishi kando ya njia hiyo, na wenzao wa Oruba, Shauri Yako, Awendo, Oyugis na Mbita, wana shida moja: magari hupita milangoni mwao kwa kasi ya barabara kuu, na wanaoyapunguza mwendo ni wao wenyewe, kwa mikono yao.

Mnajua mambo yanavyokwenda. Mtoto anagongwa akienda shuleni au akitumwa dukani. Saa hiyohiyo mawe na magogo yanavutwa barabarani, tairi zinachomwa, polisi wanaitwa. Hasira ikishatulia, vijana wa bodaboda wanachanga pesa, udongo mwekundu unaletwa, unamwagwa na kushindiliwa, na kufikia jioni kuna tuta. Pasipopatikana udongo, hufukiwa tairi kuukuu, au barabara inakatwa kwa mtaro. Siku za soko akina mama husogeza mawe makubwa hadi ukingo wa lami, njia ikawa nyembamba na dereva akalazimika kuondoa mguu kwenye mafuta.

Watu hawa wamefanya kazi ya uhandisi, na msingi wake ni sahihi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji karibu mara tatu ya umbali wa breki unaohitajika kwa kilomita 30. Ndiyo maana mawaziri waliokutana Stockholm mwezi wa Februari 2020 walikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari huchangamana, mwendo usizidi kilomita 30. Sheria yetu ya Trafiki ingali inaruhusu 50 mijini na kwenye vituo vya biashara, na hata hiyo 50 hakuna anayeipima kijijini. Tuta halihitaji askari. Linafanya kazi saa 10 za alfajiri malori ya omena yanapotoka Mbita na Sori, na linafanya kazi saa 2 usiku trekta za miwa zinapoelekea kiwandani Awendo bila taa za nyuma.

Sitetei kila tuta. Lililojengwa kwa uchungu huwa fupi na lenye mgongo mkali kama kaburi jipya. Halina rangi wala alama. Mwendesha bodaboda aliyebeba abiria gizani analiona akiwa tayari yuko hewani. Gari linalompeleka mama mjamzito hospitalini linamtingisha mpaka anapiga kelele. Mvua za Aprili zikianguka, udongo unageuka utelezi, na baada ya wiki chache tuta limekwisha na kasi imerudi. Tuta lililopimwa vizuri huwa na kimo cha sentimita 10 hivi na upana wa karibu mita 4, umbo lililotokana na majaribio yaliyofanywa Uingereza miaka ya 1970. Gari hulipanda taratibu, likashuka taratibu, na hakuna anayeumia isipokuwa anayekimbia. Ni kazi ya siku moja kwa mhandisi mwenye futi kamba, mchanganyiko wa lami na mkebe wa rangi.

Tatizo liko kwenye mlango wa kuombea tuta hilo. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu ni za mamlaka ya KeNHA, za mijini ni za KURA na za vijijini ni za KeRRA. Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara zake. Kwenye karatasi mgawanyo huo unaeleweka. Lakini mzazi wa mtoto aliyegongwa, akiwa bado na cheti cha hospitali mfukoni, anatakiwa kwanza ajue lami iliyo mbele ya nyumba yake ni ya nani. Akienda kwa chifu anaelekezwa kwa mwakilishi wadi, mwakilishi wadi anasema si barabara ya kaunti, na ofisi anayotajiwa iko mbali na nauli hana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali. Udongo anaoumwaga barabarani ni ombi hilo, limeandikwa mahali ambapo lazima lisomwe. Kisheria ni kosa kuweka kizuizi barabarani bila idhini, nami sikanushi. Ninachosema ni kwamba idhini hiyo haina mahali pa kuombewa.

Na msiseme hakuna pesa. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli inakatwa Sh25 za kutunza barabara. Kabla ya hapo zilikuwa Sh18. Bodaboda aliyechangia udongo wa tuta alikuwa amekwisha kulilipia kwenye kituo cha mafuta. Magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani juu ya Sh10.5 bilioni za makato hayo, kila upande ukidai ndio unaostahili kuzitumia. Katika mvutano huo wote sijasikia upande wowote ukisema ni shilingi ngapi zitakwenda kwenye matuta, njia za miguu na vivuko vya shule.

Mifano tunayo. Nchini Ghana, kwenye makutano ya Suhum katika barabara ya Accra hadi Kumasi, mistari ya lami iliyoinuka kidogo ilipunguza ajali kwa takriban thuluthi moja na vifo kwa zaidi ya nusu. Hapo jirani, Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka shule za msingi, likajenga matuta, njia za miguu na alama, na watoto walioumia wakapungua kwa karibu robo. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Hakukuwa na mashine ya ajabu: wapimaji waliwauliza watoto na walimu wanavukia wapi, kisha wakajenga hapohapo.

Kwetu hali inazidi kuwa nzito kwa sababu lami inaongezeka, na lami tunaitaka. Homa Bay ilipoandaa sherehe za Madaraka 2025, mji ulipata barabara ambazo watu walizingojea miaka mingi. Lakini zamani mashimo ndiyo yaliyokuwa yakipunguza mwendo. Yakizibwa bila kuwekwa kitu kingine, kasi ndiyo inayokuja kwanza, tena mahali ambapo watu wamezoea kutembea katikati ya njia. Mwezi wa Juni 2023 trela liliwavamia wachuuzi na abiria Londiani, likaua zaidi ya watu 50. Agosti mwaka huohuo lori la mchele likaua watu mjini Migori. Baada ya Londiani wachuuzi waliambiwa wahame kando ya barabara. Haitoshi kumhamisha muuza nyanya na kumwacha dereva na kasi yake.

Ombi langu kwenu ni hili. Tuta la wananchi lisiondolewe na greda mpaka siku ambayo lililopimwa linajengwa mahali palepale. Kila ofisi ya wadi iwe na daftari moja la maombi ya matuta na vivuko, barabara iwe ya nani, na kaunti ndiyo ihangaike kumtafuta mwenye lami, si mzazi. Jibu litolewe ndani ya siku 30, lisomwe kwenye baraza la chifu, likiwa ndiyo au hapana pamoja na sababu. Mkataba wowote wa lami utakaotiwa saini na kaunti zenu uwe na matuta na njia za miguu mbele ya kila shule na soko, na barabara isifunguliwe kabla havijakamilika. Kwa barabara zisizo zenu, nyinyi wawili mketi na wakuu wa KeNHA, KURA na KeRRA wa eneo hili kabla shule hazijafunguliwa muhula ujao, mkiwa na orodha ya kila mahali ambapo wananchi wameweka udongo, mawe au tairi. Orodha hiyo wahandisi wenu wanaweza kuipata kwa kupita tu na gari.

Wenu,
Mkazi wa Awendo