Asilimia 99 si jibu, nionyeshe sababu!

Wasomaji wangu, kuna ugonjwa umetuingia sisi waandishi wa programu: ugonjwa wa asilimia. Mtu akipata usahihi wa 99%, huyo sokoni! Ukimuuliza mashine ilitazama nini, anajibu, "Wewe angalia matokeo."

Nazungumzia data zinazofuatana kwa wakati: mapigo ya moyo, matumizi ya umeme, pesa zinazoingia na kutoka kwenye simu. Mashine huziweka katika makundi: mzima au mgonjwa, apewe mkopo au anyimwe.

Mwaka 2009 Lexiang Ye na Eamonn Keogh walitoa njia ya shepuleti. Programu hutafuta kipande kifupi cha mfululizo kinachotenganisha makundi. Chukua data ya Gun-Point: mtu anachomoa bastola kiunoni, anailenga, anairudisha, au ananyoosha kidole tu. Mwendo wa mkono unakuwa mstari wa namba 150. Tofauti ilikuwa wapi? Mwishoni! Asiye na bastola akishusha mkono, unapitiliza kidogo kisha unarudi. Mwenye bastola anakuwa mwangalifu, maana lazima aiingize kwenye mfuko wake. Hilo hata asiyejua programu analikagua kwa macho.

Sasa tazama ROCKET ya 2019. Ina kasi na ni sahihi, sibishi. Lakini inapitisha mfululizo kwenye vichujio 10,000 vya bahati nasibu na kutoa namba 20,000. Nenda ukamweleze daktari! Wengine hubandika maelezo baadaye, programu ya pili ikikisia ya kwanza iliamuaje. Hayo ni makisio, si ushahidi. Cynthia Rudin aliandika mwaka huohuo 2019: kwa maamuzi mazito, tumia modeli inayoeleweka tangu mwanzo.

Mtasema tutapoteza usahihi. Wakati mwingine ndiyo, lakini umejaribu? Mashine iliyojifunza kelele za kifaa badala ya moyo itafaulu majaribio, kisha ikosee kwenye hospitali yenye kifaa kingine. Kipande kikionekana, daktari ananusa kosa mapema.

Tena hapa Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamruhusu mtu kuomba uamuzi uliofanywa na mashine peke yake uangaliwe upya. Utauangaliaje upya kama hata wewe uliyeandika programu hujui sababu?

Kwa hiyo kabla hujauza, chora mstari, kisha tia rangi kipande kilichoamua. Huwezi? Basi kazi hujamaliza.