Mama Naye Alijue Gari



Likizo ya Agosti inakaribia, na ziko familia ambazo mwaka huu hazitaki tena kuishia ufuoni. Zinataka kuiona nchi yao: Marsabit na msitu wake wa mlimani, jangwa la Chalbi, na Loiyangalani kwenye mwambao wa Ziwa Turkana. Lami siku hizi inafika hadi Moyale, na kwa hivyo safari huonekana nyepesi kuliko ilivyo. Lakini ukishaiacha lami kaskazini ya Marsabit ukashika njia ya Maikona na Kalacha, gereji huna, simu hupotea mtandao kwa saa nyingi, na gari ndilo nyumba yenu na kisima chenu. Leo nitawaeleza jinsi tulivyoliandaa letu mwaka jana, na jambo moja ambalo nusura tulisahau.

Mume wangu aliponunua Land Cruiser kuukuu ya dizeli, kwa miezi mitatu mazungumzo ya nyumbani yalikuwa ya taa kubwa, vyuma vya mbele na keria ya juu ya paa. Fundi wetu, mtu mzima aliyeendesha malori ya kaskazini katika ujana wake, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, hakuna aliyekufa jangwani kwa kukosa taa. Watu hufa kwa uzito, kwa tairi na kwa kiu."

Tukaanza na kiu. Kila mtu alihesabiwa lita 5 za kunywa na kupikia kwa siku. Sisi ni wanne, na sehemu ya mbali tuliipangia siku nne. Hizo ni lita 80, yaani mitungi minne ya lita 20. Maji ya udhu yalikuwa na mtungi wake mdogo, ili yasiguse yale ya kunywa. Hatukuyatia yote katika pipa moja, kwani pipa likipasuka, maji yote yamekwenda.

Lita 80 za maji ni kilo 80. Ongeza mitungi miwili ya dizeli, kwa kuwa gari likiwa mchangani hula mafuta mengi kuliko lamini, kisha hema, vyakula na vyombo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fundi aliichukia keria. Mzigo mzito ukiwekwa juu ya paa, gari huyumba penye mteremko wa upande na huweza kupinduka. Vizito vyote vikakaa chini, karibu na migongo ya viti, vikafungwa kwa mikanda. Juu tukaweka mahema na magodoro tu. Usiku mmoja nilivitoa vyote nikavipunguza kwa theluthi. Sufuria tatu zikawa moja.

Tairi nazo zina elimu yake. Kwenye lami tulitembea na upepo wa paundi 35. Kwenye njia ya mawe na matuta tulishusha hadi 25 hivi, na kwenye mchanga laini hadi 15. Tairi iliyopunguzwa upepo hulala chini na kurefuka, ikaukanyaga mchanga kama mguu wa ngamia badala ya kuuchimba. Lakini mtu akiwa na upepo mdogo hivyo asipite kasi wala asikate kona ghafla, maana tairi huweza kuchomoka kwenye ringi. Na kabla ya kurudi lamini lazima aujaze tena. Kwa hiyo geji ya upepo na pampu ya umeme wa betri si pambo. Tulichukua pia spea mbili, vifaa vya kuziba pancha, sepeto, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, na ubao mpana wa kukalia jeki, kwani jeki juu ya mchanga huzama.

Siku mbili kabla ya kuondoka, fundi alinigeukia mimi. "Binti yangu, keti hapa kwenye usukani." Nikamwambia naendesha gari miaka kumi. Akacheka. "Unaendesha kwenda skuli na sokoni. Nionyeshe jinsi ya kufunga kufuli za magurudumu ya mbele." Sikuzijua hata zilipo. Nilikasirika kidogo, nilikuwa na mabiskuti jikoni, lakini aliniweka pale saa mbili: kufuli za mbele, kijiti kidogo cha kuunganisha magurudumu yote manne, gia nzito ya mwendo wa pole, geji, jeki. Niliyaandika yote nyuma ya kalenda.

Siku ya tatu tuliondoka Kalacha kuelekea North Horr. Ardhi ya Chalbi ni tambarare nyeupe ya chumvi. Kwa macho ni ngumu kama sakafu, lakini mahali pengine ule ugumu ni ukoko tu, na chini yake kuna tope. Ukoko ulivunjika, magurudumu ya nyuma yakazama. Mume wangu alichimba kwa pupa juani, na alipoinua jeki, mgongo ukamkata. Akalala chini asiweze kukaa, sembuse kukanyaga klachi. Tulikuwa na gari moja tu, na hilo lilikuwa kosa letu kubwa: safari kama hizo ni za magari mawili.

Nilitia watoto kwenye kivuli cha gari, nikawapa maji. Nikaitoa kalenda. Nikashusha upepo hadi 15, nikafukua mbele na nyuma ya kila gurudumu, nikaweka mbao, nikafunga buibui kiunoni kwa leso. Fundi alikuwa ameandikisha kwa mkazo: usilazimishe kwenda mbele, na gurudumu likizunguka bure, ondoa mguu papo hapo, kwani kila mzunguko unachimba kaburi la gari. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, maana hiyo umeshajua inabeba. Mara ya tatu gari lilitoka. Baadaye wachungaji wawili wa Kigabra walitufikia, wakatuonyesha njia ngumu inayopita pembeni. Tulipaswa kuwauliza wenyeji tangu Kalacha.

Lau nisingelitoa, kanuni yetu ilikuwa moja: hakuna kuondoka kwenye gari. Gari lina kivuli na maji, na huonekana kutoka mbali. Mtu anayetembea haonekani. Dada yangu Mombasa alikuwa na njia yetu kwa maandishi, na saa ya kutafuta msaada endapo hatutapiga simu.

Jambo la mwisho ni laga, ile mito mikavu ya kaskazini. Msipige hema ndani yake hata kama mchanga wake ni mlaini kama kitanda. Mvua ya mlima wa mbali huweza kuleta maji chini ya mbingu isiyo na wingu. Na mkiyakuta maji yakienda kasi, ngojeni. Desemba 2021, basi lililojaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, Kaunti ya Kitui, lilizama na zaidi ya watu 30 wakafa. Mto hushuka. Aliye ndani ya gari ana haki ya kusema "turudi", hata awe mtoto, na dereva asione ni kudharauliwa.

Mume wangu alipona baada ya wiki mbili, alhamdulillahi. Siku hizi husema kuwa kifaa bora alichotia garini ni ile kalenda.

Basi, dada zangu, kabla hamjanunua hema, Jumamosi hii mwambieni mzee wa nyumba awaachie kiti. Tafuteni jeki ilipo. Fungueni gurudumu moja mlirudishe kwa mikono yenu, hapo hapo nyumbani, penye kivuli na chai.

Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.