Nani kasema sikukuu hakuna siasa?

Vijana wenzangu wa Kusini, tuongee. 

Mwishoni mwa 2023 viongozi wetu wa upinzani walitoa salamu za sikukuu, na ndani ya salamu wakaweka ombi: 2024 kwenye serikali za mitaa, na 2025 kwenye uchaguzi mkuu, wananchi wachague mabadiliko. Basi imekuwa nongwa. Makada wa chama tawala wamekuja juu, eti sikukuu ni ya Mungu na familia, wapinzani wawaache watu wale pilau. Hata baadhi ya wazee wetu wa heshima hapa Mtwara wameupokea wimbo huo. Wazee shikamooni, lakini hili naomba nilijibu.

Tukumbushane. Tarehe 27 Desemba 2012, siku mbili tu baada ya Krismasi, maelfu ya watu waliandamana Mtwara mjini kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Vyama vya upinzani vilikuwa mstari wa mbele, na neno lilikuwa moja: gesi haitoki. Siku nne baadaye, tarehe 31 Desemba, Rais Kikwete akatoa salamu zake za mwaka mpya kwa taifa. Pamoja na mengine, akawajibu watu wa Mtwara kwamba gesi ni mali ya Watanzania wote. Je, kuna kada aliyemwambia Mheshimiwa awaache watu wale pilau?

Kwa hiyo tatizo si siasa kwenye sikukuu. Tatizo ni nani anayeongea.

Nasoma sheria. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Nimeisoma mbele na nyuma, sijaona palipoandikwa "isipokuwa mwezi wa Desemba". Halafu kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, mpaka Rais Samia alipoondoa zuio tarehe 3 Januari 2023. Kwa zaidi ya miaka sita, salamu za Idi na Krismasi zilikuwa nafasi mojawapo kati ya chache za kiongozi wa upinzani kuongea na watu. Mlitufungia mlango, tukapitia dirishani. Leo mnalalamika kwamba tumelizoea dirisha?

Na huku kwetu sikukuu inalipiwa na korosho. Mwaka 2018 wakulima waliambiwa serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kuibeba. Wapo waliokaa miezi wakisubiri hela yao. Anayesema sikukuu haina siasa hajawahi kusubiri malipo ya korosho mwezi wa Desemba huku watoto wanauliza nguo.

Gesi nayo? Inachimbwa Msimbati, inasafishwa Madimba, inasafiri zaidi ya kilometa 500 mpaka Dar. Mwezi Mei 2013 watu walikufa kwenye vurugu za suala hilo, na bomba likazinduliwa Oktoba 2015. Mpaka mwaka 2023 sisi tunaokaa juu ya gesi yenyewe tulikuwa hatujaunganishwa na gridi ya taifa. Tulitegemea mitambo ya hapa hapa. Ilipoharibika, mkoa uliingia gizani na barafu ya wauza samaki ikayeyuka. Hayo nayo tusiyaseme kwa sababu kuna pilau?

Sasa niwageukie viongozi wetu, maana nao wasidhani nimewaandikia sifa. Neno "mabadiliko" peke yake ni kama uraka: asubuhi tamu, jioni limeshachacha. Watu wa Mtwara mjini hawahitaji kufundishwa kuchagua mabadiliko. Mwaka 2015 walimchagua Maftaha Nachuma wa CUF kuwa mbunge, na Tandahimba nao wakaenda CUF. Wanachotuuliza ni kingine: kura yetu itafikaje salama?

Swali hilo ni la haki. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na CCM ikachukua karibu kila kiti. Tulishindwa kabla ya siku ya kura. Kwa hiyo salamu isiyotaja fomu ni salamu nusu.

Tuanzie hapo. Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, na 2019 orodha ya wapiga kura iliandikwa upya kwenye mitaa na vitongoji. Mwenye kadi ya mpiga kura asijidanganye kwamba kazi imeisha. Ukiwa na miaka 21 unaweza kugombea uenyekiti. Na usiudharau uenyekiti wa kijiji: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na haiwezi kuigawa bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Kwa mtu wa Msimbati, Madimba au Kilambo, kikao hicho kiko karibu na shamba lake kuliko Bunge la Dodoma.

Wanafunzi wa sheria tuliorudi nyumbani likizo, tusimalize siku kwa kupiga picha ufukweni tu. Kila mmoja akae na vijana watano wa kitongoji chake, awaeleze sifa za mgombea, awafundishe kujaza fomu na kukata rufaa wakienguliwa.

Na viongozi wetu, salamu za Idi mwakani zije tena na siasa yake, msiogope kelele. Ila zije na majina ya wagombea waliokwisha kuandaliwa, kijiji kwa kijiji. Pilau tutakula tukiwa tunazisoma.