Kitambi cha Mume, Lawama kwa Mke



Katika nyumba zetu nyingi, ndoa ikipita miaka miwili mitatu bila ya mtoto, macho yote humwelekea mke. Hupelekwa kwa mkunga, kisha kwa mganga, kisha hospitali. Mawifi hunong'ona, na mwisho wake huwa talaka au mke wa pili. Mume hajapimwa chochote. Huyo wa pili naye akikaa bila ya kushika mimba, ndipo watu huanza kujiuliza.

Aya ya 50 ya Suratu Shuura inatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu humjaalia ugumba amtakaye, wala haikumtaja mwanamke peke yake. Madaktari nao wasema kuwa katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, upande wa mume una sehemu yake.

Sababu ni nyingi: mishipa ya korodani iliyovimba, maradhi ya zinaa, sigara. Lakini leo napenda tukitazame kitambi, ambacho kwetu mtu akiwa nacho husifiwa kuwa ameneemeka. Mafuta ya mwili hayakai bure. Huigeuza homoni ya kiume kuwa ya kike, na homoni ya kiume ikipungua, utengenezaji wa mbegu hudhoofika. Tena korodani zimeumbwa nje ya mwili kwa hekima, kwani zahitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Mafuta ya mapajani na tumboni huziongezea joto. Mwanamume wa sentimita 170 mwenye kilo 90 tayari yumo katika unene wa kupindukia. Si kila mnene ni mgumba, la hasha, na aliyekonda kupita kiasi naye mbegu zake huweza kupungua.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Sisi Ramadhani yenyewe, mwezi wa kufunga, twaimaliza tukiwa tumenenepa kwa sambusa, kaimati na biriani za usiku!

Wapo wanaume wanaokataa kipimo cha manii kwa hoja kwamba namna ya kuyatoa ni haramu. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kwa haja ya tiba, na mke aweza kumsaidia mumewe. Basi hoja hiyo, kwa maoni yangu, mara nyingi ni pazia la kuficha aibu.

Mbegu huchukua takriban miezi mitatu hadi kukomaa. Kwa hiyo anayepunguza uzito kwa chakula cha kiasi na kutembea asitarajie mabadiliko kwa wiki moja. Na kipimo cha mume ni chepesi kuliko vingi anavyofanyiwa mke. Ni haki yake huyo mke kwamba mumewe apimwe naye, tangu siku ya kwanza ya kwenda hospitali.