Ahadi ya Mdomo Haimtibu Mgonjwa

Ipo kauli iliyozoeleka miongoni mwa wanajeshi wa Marekani, wakiwemo vijana wa Afrika Mashariki waliojiunga na jeshi lile, kwamba aliyetumikia miaka 20 akastaafu hana haja ya kuumiza kichwa juu ya bima ya afya, kwani serikali itamtibu yeye na watu wake bure mpaka kufa. Sisi tunasema kauli hiyo si ya kweli, na wanaoieneza wanawadhulumu wake na watoto ambao hawakuulizwa.

Ushahidi upo. Walioandikishwa zama za Vita Kuu ya Pili na vita vya Korea waliahidiwa matibabu ya bure ya maisha, wao na wategemezi wao. Walipofika miaka 65 wakaelekezwa kwenye Medicare, bima ya wazee ambayo sehemu yake hulipiwa. Maafisa wawili wastaafu wa jeshi la anga, William Schism na Robert Reinlie, wakaishitaki serikali, wakitetewa na George "Bud" Day, aliyepata kuwa mateka wa vita huko Vietnam. Tarehe 18 Novemba 2002 Mahakama ya Rufaa, majaji 9 dhidi ya 4, ikawakatalia: waliotoa ahadi hawakuwa na mamlaka ya kuitoa. Tunauliza, je, kijana anayekwenda vitani alikuwa na wajibu wa kumdai afisa mwandikishaji amwonyeshe kwanza kifungu cha sheria? Hiyo ilikuwa dhulma, hata kama Bunge lilikwisha kuona haya na kuwaletea wazee hao mpango wa TRICARE for Life kuanzia Oktoba 2001. Nao huo haumfai asiyelipia sehemu B ya Medicare.

Basi anayestaafu leo na ajue kwamba bima ya kazini haimfuati yenyewe. Ana siku 90 za kujiandikisha upya, ama Prime ama Select, na kila mwaka atalipa ada. Kwa walioingia jeshini kabla ya 2018, ada ya Select ilianza Januari 2021, dola 300 kwa familia, na waliopuuza kupanga malipo walifutwa.

Hapa ndipo tunapohitilafiana na washauri wa vijiweni. "Chukua iliyo rahisi," husema. Rahisi kwa nani? Prime hupunguza malipo ya matibabu, lakini mgonjwa huwa chini ya daktari mmoja, na kwa kawaida bila ya barua yake hamfikii bingwa. Tena haipatikani kila mji, bali hasa jirani na kambi. Select humpa mtu uhuru wa kuchagua daktari, ila atatoa kwanza kiwango chake cha mwaka, kisha achangie kila tiba. Mwenye mtoto wa pumu anayemwona bingwa kila mwezi, na mwenye watoto wazima wa afya wanaoishi mbali na kambi, watawezaje kupewa jibu moja? Na anayejua mtoto amekwenda hospitali mara ngapi mwaka huu mara nyingi ni mama, wakati baba, ambaye nusu ya miaka hiyo alikuwa safarini, hujaza fomu peke yake kwa kuwa cheo kilikuwa chake!

Kisha tazameni jambo la watoto. Sheria ya mwaka 2010 iliwaruhusu watoto wa raia kubaki katika bima ya wazazi hadi miaka 26. Ya wanajeshi haikuguswa: mtoto hutoka akiwa na miaka 21, au 23 akiwa mwanafunzi. Mwaka 2011 ukaanzishwa mpango wa kumfikisha 26, lakini hulipiwa peke yake, kila mwezi, na akioa au kuolewa hutolewa. Mstaafu mwenye kazi nyingine ya kiraia na ailinganishe bima ya mwajiri wake na hiyo, kwa kalamu na karatasi, mkewe akiwa ameketi ubavuni, kabla siku zile 90 hazijakwisha.