Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mazingira: Tusimame Safu Moja na Visiwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Makamu wa Rais (Muungano na Mazingira),
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kunduchi, Wilaya ya Kinondoni, kukuomba kwamba taifa letu, ambalo ni bara na visiwa kwa pamoja, lisimame safu moja na mataifa madogo ya visiwani katika kudai haki ya tabianchi, na lisimame huko likiwa limekwisha kutengeneza nyumba yake.

Mataifa hayo, yasiyo na viwanda vikubwa wala majeshi makubwa, yamepata kwa nguvu ya hoja mambo ambayo wakubwa waliyakawiza miaka mingi. Yaliungana mwaka 1990, na kwa kushikilia kwao Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ukakubali shabaha ya kujitahidi ongezeko la joto la dunia lisipite nyuzi 1.5. Wanafunzi 27 wa sheria huko Vanuatu walipotoa, mwaka 2019, shauri la kuifikisha kadhia hii mahakamani, serikali yao haikuwapuuza, bali ililibeba hadi Umoja wa Mataifa. Na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatamka kwamba kuilinda tabianchi ni wajibu wa kisheria, na kwamba dola iukiukayo yaweza kudaiwa fidia. Nao jirani zetu wa Shelisheli, waliopunguziwa sehemu ya deni kwa sharti la kuhifadhi bahari, mwaka 2020 walitimiza ahadi ya kuhifadhi asilimia 30 ya maji yao. Ndiyo maana wasemapo husikilizwa, kwa kuwa dai lao limetanguliwa na kitendo.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ithibati ya bahari kumeza ardhi. Kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani, walikokuwa wakitaga kasa, bahari ilikila hata kikabaki fungu la mchanga. Ukuta wa kuzuia mawimbi wa Barabara ya Barack Obama, uliokamilika mwaka 2018, wakinga katikati ya jiji la Dar es Salaam. Huku kwetu haufiki, na maji ya bamvua yakipwa huacha minazi imesimama mizizi wazi. Lakini insafu yanilazimu kukiri kwamba lawama si ya bahari peke yake. Mchanga ambao mito ya Tegeta na Mbezi ingeushusha pwani ili kufidia uchukuliwao na mawimbi, vibarua huuchota kwa beleshi mle mle mtoni na kuupakia malorini, ukajenge nyumba zetu wenyewe. Na kule Temeke mikoko ya Mtoni, ambayo ndiyo ngome ya asili, hukatwa kwa kuni na nguzo.

Kwa hiyo naomba, kwanza, uchimbaji wa mchanga mitoni ukomeshwe, vibarua wakionyeshwa machimbo mbadala wasikose riziki, na serikali za mitaa zipewe dhamana na nyenzo za kulinda mikoko. Pili, wajumbe wetu wayatumie waziwazi maoni yale ya kishauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, bega kwa bega na Komoro na Shelisheli, na fedha za mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 zikipatikana, zifike mitaani.

Agizo la mchanga, Mheshimiwa, lisainiwe kabla wajumbe hawajasafiri kwenda mkutano ujao wa tabianchi, wapate la kusema mbele ya mataifa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kunduchi, Dar es Salaam