Kazi za Mikono: Bidoni yenye kuwapa kuku mayi yenyewe



Mwezi wa Septemba na wa Oktoba, mbele ya mvua kuanza, jua la huku kwetu Katanga ni kali. Kuku mukubwa anakunywa karibu robo ya litri kwa siku, na joto likizidi anapita pale. Baba yuko kazini, mama yuko shambani ao sokoni, watoto wako masomoni. Sahani ikikauka saa ine za asubuhi, nani atatia mayi ingine? Kuku mwenye kushinda na kiu anapunguza kutaga, na vifaranga ndivyo vinakufa mbele. Nyumba nyingi zinanunua daftari na kalamu kwa bei ya mayai yale. Tena Mezali 12:10 inafundisha kwamba mutu wa haki anaangalia hata nyama anayefuga.

Kijana anaweza kutengeneza chombo hiki siku moja ya posho.

Tafuta: bidoni ngumu ya mafuta ya kula, ya litri 5, pamoja na kifuniko chake, beseni yenye kupita bidoni kwa vidole vine kila upande, musumari, kipande cha mupira wa ndani wa kinga.

1. Pima beseni. Kama kina chake ni vidole vine, toboa bidoni ubavuni, vidole viwili toka chini. Tundu lazima liwe chini ya ukingo wa beseni. Likipita ukingo, mayi yatamwangika yote inje.

2. Choma musumari motoni, toboa, kisha panua tundu mpaka kidole kidogo kianze kuingia. Tundu dogo sana linakataza hewa kuingia.

3. Kata mupira, utie ndani ya kifuniko ili kifunge sana.

4. Simamisha bidoni ndani ya beseni. Ziba tundu na kidole, jaza mayi kwa mudomo, funga kifuniko na nguvu, kisha ondoa kidole.

Mayi yatatoka mpaka kufunika tundu, halafu yatasimama. Kuku wakikunywa, tundu linaonekana tena, hewa inaingia, mayi ingine inatoka.

Juu ya nini mayi inasimama? Hewa iko na uzito. Evangelista Torricelli wa Italia alieleza jambo hili katika barua ya mwaka 1644. Hewa ya inje inasukuma mayi ya beseni, na ndani ya bidoni hakuna hewa mupya ya kusukuma toka juu. Watu wa pompi mashimoni wanajua upande mwingine wa jambo hilo: pompi ya kunyonya haivuti mayi kupita metre 10 hivi, hata iwe na nguvu namna gani, kwa sababu ni hewa ndiyo inayoyapandisha.

Kama mayi haisimami, usilaumu tundu, angalia kifuniko. Hewa inaingilia pale. Na weka bidoni kivulini: jua likiipiga, hewa ya ndani inavimba na kusukuma mayi inje.

Sasa neno kubwa kwa sisi wa miji ya shaba. Bidoni zilizobeba asidi ao dawa za kusafishia mawe zinauzwa bei ya chini. Usizitumie, hata ukiziosha mara kumi. Yai la kuku yule linaliwa na mutoto wako. Kama haujui bidoni ilibeba nini, iache.

Pandisha beseni juu ya matofali mawili, kuku wasitie udongo. Kwa vifaranga, panga mawe madogo ndani, wasizame. Kuku kumi watamaliza bidoni karibu siku mbili. Lakini kila siku osha beseni, sababu uchafu wa kijani unaleta magonjwa.

Mwenye kufuga samaki ndani ya sanduku la kioo afanye vile vile: ageuze chupa yenye mayi, mudomo ufike pale mayi inapoishia, aifunge sana isianguke. Joto likipunguza mayi, chupa itaongeza.

Ninyi vijana, mukimaliza ya kwenu, mutengeneze moja kwa mujane wa karibu mwenye kufuga. Bidoni moja tu, na jirani ataweza kwenda ibadani bila kuhangaikia kuku zake.